Bukoba hadi Mwaloni kwa Skuta ya Fundi Kanzu

Niliondoka Bukoba kwa sababu ya kifundo cha mguu. Wengine huondoka kwa biashara, kwa msiba au kwa kufukuzwa na mke. Mimi nilitaka kujua kama bado naweza kuondoka.

Mvua zilipoanza, pikipiki yangu iliniangukia pale Rwamishenye. Nimezunguka nayo miaka tisa, kutoka Mutukula hadi Tunduma, mvua na vumbi, na haikuwahi kuniangusha ikikimbia. Iliniangusha ikiwa imesimama. Nilikuwa nimeegesha, nabishana na muuza karanga kama karanga zake ni za mwaka huu au za mwaka jana, ikalala taratibu juu ya mguu wangu wa kushoto. Sikupata hata heshima ya ajali. Mfupa uliunga, lakini uliunga kwa hasira, na tangu hapo kifundo hakikunjiki vizuri. Na kwenye pikipiki, mguu wa kushoto ndio wa gia. Kila nikiinua kidole kupandisha gia, maumivu yalipanda mpaka kwenye magego. Kila safari, hata ya kwenda sokoni, iliishia kwenye beseni la maji ya moto na chumvi.

Rafiki yangu Idrisa ni fundi wa kanzu hapo Bakoba, mtaa wa mjini Bukoba. Ana skuta. Sisemi hivyo kwa kumsifu. Alinitazama nikichechemea kuingia dukani kwake, akasema bila kuacha kushona, "Deo, chukua yangu. Haina gia, haina klachi. Mguu wako utakaa tu kama mgeni."

"Ile ni ya kuendea msikitini."

"Na kurudi," alisema. "Mpwa wangu anatafuta pikipiki ya kubebea magunia ya kahawa. Tubadilishane. Ijaribu siku tatu. Ukiiweza, yeye achukue yako. Ukishindwa, irudishe na tusigombane."

"Nikishindwa nitaendesha nini?"

Alikata uzi kwa meno. "Utakaa. Watu wanakaa, Deo. Mimi nimekaa Bakoba miaka hamsini na sijafa."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kifundo. Niliacha shule darasa la tano kwa sababu dirisha la darasa letu lilitazama barabara. Mtu wa namna hiyo ukimwambia atakaa, umemwambia habari ya jeneza.

Saa moja asubuhi, Bakoba. Idrisa aliitoa skuta uani kama anayetoa bibi harusi. Rangi yake zamani ilikuwa ya bluu. Magurudumu yake yangetosha toroli la zege. Na siti, kwa kuwa mwenyewe ni fundi, alikuwa ameivalisha kitambaa cheupe na kukitia darizi pembeni, ile ile anayotia kwenye kola za kanzu. Honi yake ilitoa sauti ya bata aliyekanyagwa. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na shati moja la akiba, sabuni, na nia ya kwenda upande ambao hicho kidude kingekubali.

"Mkono wa kushoto ni breki ya nyuma," Idrisa alisema. "Si klachi. Rudia."

"Ni breki ya nyuma."

"Rudia tena."

"Idrisa, mambo ya kurudia-rudia ndiyo yaliyonitoa shule."

"Basi barabara itakurudishia somo," alisema, akaingia ndani kufungua duka.

Haikuchukua hata dakika tano. Kwa wasioendesha, nieleze. Kwenye pikipiki ya kawaida, kabla ya kubadili gia unabana mkono wa kushoto, nao ni klachi, unaachanisha injini na gurudumu. Miaka tisa mkono wangu umefanya hivyo maelfu ya mara bila kuniuliza. Kwenye njia panda ya kwanza niliona gari, nikataka kushusha gia, nikabana. Skuta ilijifunga hapo hapo katikati ya barabara, nami nikabusu kioo cha mbele ambacho hakina hata faida ya kuzuia upepo. Mguu wa kushoto nao ulikuwa unapapasa hewani ukitafuta gia. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi aliinua macho. "Umesahau kitu nyumbani?" aliuliza. Nikamwambia ndiyo, akili.

Rwamishenye nilipita bila kumtazama muuza karanga. Yeye alinitazama. Nilisikia anamwambia mwenzake, "Ile iliyomvunja mguu imezaa." Kundi zima likacheka. Watu wa Bukoba wana kipaji cha kumcheka mtu kwa adabu, bila kuonyesha meno yote, na ukigeuka wote wanatazama ziwa.

Saa mbili na nusu, Kemondo. Nilisimama kunywa chai na kuhesabu. Nilikuwa nimebana ule mkono wa kushoto kimakosa mara kumi na moja. Mara moja mbele ya lori la mchanga, ambalo dereva wake alinitukana kwa Kihaya, kisha kwa Kiswahili, nadhani ili nisibaki na shaka. Nikakaa kibarazani naichunguza skuta. Mimi kitu nikikidharau nataka kukijua mpaka ndani, la sivyo dharau inakuwa uvivu. Nikafunua siti. Chini yake mlikuwa na shimo kubwa la kuwekea vitu, na humo Idrisa alikuwa amesahau futi ya kupimia, kipande cha chaki na kofia ya kiua. Mbele, pale ambapo pikipiki yenye heshima ina tangi la mafuta la kubana kwa mapaja, palikuwa wazi: sakafu bapa ya kuweka miguu, kama mtu amekaa kwa kinyozi.

"Hii ni ya padri?" aliuliza mwenye chai.

"Ya fundi kanzu."

"Ahaa. Ndiyo maana imevaa."

Saa nne, Muhutwe. Hapa barabara inagawanyika. Ukifuata lami kubwa unafika Muleba bila kusumbuliwa na chochote, na ukipinda kulia unapanda Kamachumu kwa mlima. Sikuwa na haja na Kamachumu. Lakini kijiweni pale walikaa bodaboda kama saba, na mmoja, mtu wa miaka thelathini na kitu mwenye ndevu na koti la mvua lisilo na mikono, alisimama kabisa aione vizuri. Wenzake walimwita Projestus.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba."

"Hiyo ya shangazi, umemwambia umeitoa nje?"

Wakacheka. Nikasema napanda nayo Kamachumu. Kabla ya kusema hivyo sikuwa najua kwamba napanda Kamachumu.

"Hiyo? Kilima kile?" Projestus aligeukia wenzake. "Jamani, ikifika juu mimi naacha bodaboda. Najiunga na kwaya."

"Sauti ya ngapi?" nikamuuliza.

"Ya kwanza! Naimba na akina mama!"

Ndivyo nilivyopata njia. Sijivunii. Nimeona wasafiri wanaoeleza jinsi milima ilivyowaita. Mimi niliitwa na mtu mwenye koti lisilo na mikono.

Kilima cha Kamachumu hakina huruma, na skuta haikuomba. Ilipanda kwa mwendo ambao mama mmoja aliyebeba kikapu kichwani alitembea sambamba nami kona mbili nzima, akanisalimia, akaniuliza natoka wapi, tukamaliza habari za kwao na za kwetu. Injini ililia mlio mmoja tu mwanzo hadi mwisho, kama nzi ndani ya chupa. Kwenye pikipiki yangu ningekuwa naifanyia kazi: shusha gia, isikilize, pandisha, shusha. Hapa hakuna cha kufanya. Unazungusha mkono wa kulia na kusubiri uzee. Kona kali ya pili mkono wa kushoto ulibana wenyewe, skuta ikasimama mlimani, nilipoachia nikaanza kurudi nyuma nikiwa juu yake mpaka tulipoegemea migomba ya watu. Mwenye migomba alitoka, akatazama, akatikisa kichwa na kurudi ndani.

Lakini nilipofika juu kabisa, ukungu umetanda na baridi inapenya shati, niligundua jambo lililoniudhi. Nimepanda kilima kizima na meno yangu hayajaumana. Sikumshukuru mtu. Nilijiambia mguu utaanza kuuma baadaye, kwa kuwa hata maumivu yanahitaji muda kufika Kamachumu.

Saa sita, Kamachumu. Nilikula ndizi na maharage kwenye kibanda cha mama mmoja mnene mwenye sweta mbili. Hapo juu wanavaa sweta mwaka mzima na kuwahurumia watu wa bondeni kwa joto ambalo hatuna. Nikamuuliza kwa nini wanajenga juu kiasi hiki. "Wachunguzi kama wewe wasifike," alisema, akaniongezea mchuzi. Alipojua naelekea upande wa Muleba aliitazama skuta kwa muda mrefu. "Kushuka ni kubaya kuliko kupanda," alisema. "Kupanda unaweza kuahirisha."

Nilikuwa namaliza kula Projestus alipotokea kutoka Muhutwe, amepita mlimani badala ya lami, nadhani aone kama nimefika. Nyuma yake alikaa mama wa miaka sitini hivi, amejifunga kitenge juu ya kitenge, na nyuma ya mama mkungu wa ndizi mkubwa uliofungwa kwa kamba za mgomba. Projestus aliniona, akaona skuta, na sura yake ikaonyesha mtu anayetafuta pa kuficha ahadi.

"Kwaya inaanza lini?" nikamwita.

"Mzee, hesabu inaanzia Muleba!" alijibu bila kusimama, akatoweka kwenye ukungu kwa mlio wa pikipiki ya kweli. Niliusikia mlio ule mpaka ukaisha. Naukumbuka sasa hivi ninapoandika, na bado nauonea wivu.

Saa saba na nusu, mteremkoni. Niliwakuta baada ya kona kadhaa. Pikipiki imesimama pembeni, cheni imekatika na kulala barabarani. Projestus amechuchumaa, mikono myeusi kwa grisi, na mama amesimama juu yake kama msimamizi wa mtihani.

"Nilikuambia," mama alikuwa akisema. "Nilikuambia tangu nyumbani, hiyo cheni inaongea."

"Mama, cheni zote zinaongea."

"Hiyo ilikuwa inaaga."

Jina lake ni Mama Domitila. Alikuwa anakwenda mwaloni, bandari ya wavuvi chini ya Muleba upande wa ziwa, ambako mke wa mwanawe amejifungua siku nne zilizopita. Mkungu ule ulitoka kwenye kibanja cha nyumbani, mgomba alioupanda marehemu mumewe, na mzazi alitakiwa aule. Nikauliza, kwa sababu mimi huuliza, kama huko mwaloni hakuna ndizi za kununua. Alinitazama kwa masikitiko.

"Waitu jamani, mjukuu wangu anyonye ndizi za sokoni? Ambazo hatujui zimelala kwa nani?"

Projestus alipendekeza wakate mkungu vichane, nusu ubebwe na skuta na nusu ubaki hadi apate cheni. Mama Domitila alisogea tu akasimama kati yake na mkungu.

Basi ikaja zamu ya ile sheria ambayo watu wa barabara tunaijua. Bodaboda akikwama, mwenye pikipiki anayepita humsukuma. Unaendesha ubavuni mwake, unaweka mguu wako kwenye kikanyagio chake cha nyuma, unamsukuma mwendo mpaka kwa fundi. Hakuna anayekataa, maana kesho ni wewe. Nimesukuma watu kutoka Kyaka, kutoka Nyakanazi, sijui wangapi. Projestus alijua natakiwa kumsukuma. Aliitazama skuta, akaitazama cheni, na nadhani alitamani nipite tu, nimwache na heshima yake.

Na mimi nilikuwa na hofu yangu. Tangu mguu uumie sikuwa nimemsukuma mtu. Nikishindwa hapa, mbele ya huyu, nitajua nimekwisha, na Idrisa na sindano zake watakuwa wamesema kweli.

"Mama apande kwangu," nikasema. "Mkungu tuuweke hapa mbele."

Ndipo ile sakafu ya kinyozi ilipofanya kazi. Mkungu ulisimama pale wima, mzima, kichwa chake kimeegemea kifua cha skuta, kama ulitengenezewa nafasi. Mama Domitila alikaa nyuma upande upande, akapapasa siti. "Hii darizi nzuri," alisema. "Nani kashona?" Mguu wangu wa kushoto nikaubana ukingoni pembeni ya mkungu, haukuwa na kazi. Wa kulia nao, kwa kuwa skuta haina breki ya mguu, haukuwa na kazi. Nikaunyoosha nje, nikauweka kwenye kikanyagio cha Projestus.

Hapo nilielewa kitu ambacho miaka tisa ya pikipiki haikunionyesha. Unaposukuma mtu kwa pikipiki ya kawaida unaiba mguu mmoja kutoka kazi yake. Ukitoa wa kulia umeacha breki ya nyuma, ukitoa wa kushoto umeacha gia. Siku zote unasukuma huku roho iko mkononi. Skuta haidai mguu wowote. Kidude cha kuendea msikitini, chenye darizi, kilikuwa ndicho chombo bora cha kusukumia bodaboda aliyekwama kuliko vyote nilivyopanda. Nilichukia kukijua hicho.

Tukaanza kushuka. "Taratibu, mzee!" Projestus alipiga kelele.

"Imba!"

"Niimbe nini?"

"Sauti ya kwanza!"

Mama Domitila alicheka nyuma yangu mpaka skuta ikayumba. Kisha akaanza yeye, wimbo wa kanisani wa Kihaya, na hakuwa na sauti mbaya. Projestus hakuimba. Alikuwa anashika usukani kwa mikono miwili na kutazama mbele kama mtu anayepelekwa kituoni.

Kona ya tatu au ya nne, ng'ombe. Walikuwa wanane, wamejaa barabara yote, mchungaji yuko juu ya tuta anaongea na simu. Hapo sikuwaza. Kumbukumbu yote ya Idrisa na masomo yake ilitoka kichwani, na mikono ikafanya ilivyozoea: ikabana yote miwili, kulia breki, kushoto klachi. Ila kushoto haikuwa klachi. Ilikuwa breki. Kosa nililolifanya asubuhi nzima sasa lilikuwa ndilo jibu. Skuta ilikaa chini kama mbwa aliyeamriwa, ikasimama hatua mbili kutoka kwenye mkia wa kwanza. Mkungu haukutikisika. Projestus yeye aliishia kwenye tuta, salama, na kikanyagio chake kilipoachana nami kilinigonga kifundo cha mguu wa kulia, kikanitoa chozi.

Mchungaji alitutazama, akamwambia mtu wa kwenye simu, "Subiri, kuna watu wamekuja na skuta yenye kanzu."

Saa tisa, Muleba. Mji wenyewe ni maofisi, soko na mabasi yanayopita kwenda kwingine. Nimepita hapo mara nyingi bila kushuka, na sikujutia. Tulimfikisha Projestus kwa fundi wa cheni karibu na stendi. Bodaboda wa hapo walimzunguka kuuliza. Nikiwa bado nakunja mguu wangu wa kulia, nilimsikia kwa masikio yangu haya mawili.

"Huyu mzee alikuwa anaogopa mteremko na hiki kiskuta," alikuwa akiwaambia. "Nikaona nishuke naye pole pole, nimsindikize."

Nilifungua mdomo. Mama Domitila akaniwahi. "We mtoto wa kulaaniwa! Umesukumwa kutoka juu mpaka hapa kama toroli, na cheni yako mfukoni! Toeni cheni mwone!"

Walitoa. Kelele iliyopigwa pale stendi sijaisikia hata timu ikifunga goli. Projestus alijikuna ndevu, akanifuata pembeni, sura imemshuka.

"Mzee, samahani. Lakini ungekuwa wewe, ungesema nini?"

Nilifikiri. "Ningesema nimesukumwa na lori."

Akacheka, akanipa mkono wenye grisi, na nilimpenda kidogo, kwa dakika moja. Kisha akapaza sauti kwa wenzake kwamba siti ya skuta ina maua, nikaacha kumpenda.

Fundi alisema cheni ni kazi ya saa moja. Mama Domitila hakuwa na saa moja. Alibaki amekaa juu ya siti ya darizi, mkungu mbele, kama nimeshamwajiri.

"Wewe, mwenye kanzu. Unaelekea wapi?"

"Sijui bado, mama."

"Vizuri. Basi unaelekea mwaloni."

Saa kumi, kushuka ziwani. Njia ya kwenda huko ni ya udongo na mawe, na magurudumu ya toroli yalipata kila shimo na kuingia kulisalimia. Sikuwahi kushuka upande huo. Migomba ilipungua, nyasi zikaongezeka, kisha harufu ya dagaa ikatufikia kabla hatujaliona ziwa. Mama Domitila alinisimulia ukoo wake wote mpaka kwa watu waliohamia Karagwe, na mimi nikauliza maswali hata pale ambapo hakuna aliyenilazimisha. Njia nzima sikubana mkono wa kushoto kimakosa hata mara moja. Niligundua hilo tulipofika tu, nikajaribu kukumbuka, sikukumbuka.

Saa kumi na moja na nusu, mwaloni. Mahali penyewe wenyeji hupaita Mwalo tu, kwa kuwa hawaoni kwa nini papewe jina jingine. Mabati, nyavu, mitumbwi iliyovutwa mchangani, na redio nne zinazogombana. Mwezi ulikuwa mkubwa siku hizo, na mwezi ukiwaka dagaa hawaifuati taa, kwa hiyo wavuvi walikuwa wamerudi nchi kavu, hata wa kutoka kisiwa cha Goziba, na wamejaza kila gesti wakilala na kubishana mpira. Mama Domitila aliingia kwa mwanawe na mkungu wake mzima, na kelele za akina mama zikaniambia umepokewa vizuri. Mzazi alitoka mlangoni na kitoto kimefungwa kama kifurushi cha sukari, akanishukuru. Nilisema hakikuwa kitu. Kwa mara ya kwanza siku hiyo nilisema uongo wa adabu.

Nyumba yao ni chumba kimoja. Mama Domitila alinishika mkono akanipeleka kwa Bi. Salome, mwanamke mrefu mkavu mwenye gesti ya mabati ya vyumba vitano.

"Pamejaa," alisema Bi. Salome.

"Huyu ndiye aliyeleta ebitoke, zile ndizi za mtoto."

"Na wale wamelipa."

"Salome, bojo, tafadhali, na kile chumba cha nyavu?"

Bi. Salome alinipima kwa macho, akaipima na skuta. "Hicho kinapita mlangoni?"

Kilipita. Pikipiki yangu ingehitaji watu wawili kuivusha kizingiti. Hiki nilikisukuma kwa kiuno kikaingia chumbani kikasimama kati ya nyavu na kitanda, kimetulia, na darizi yake. Niliketi kitandani nikaomba, bila kufikiri, kama nilivyoomba kila jioni tangu mvua zilipoanza, beseni la maji ya moto na chumvi.

Bi. Salome alileta. Nilivua viatu, nikainua mguu wa kushoto kuutumbukiza. Nikausimamisha hapo juu ya mvuke. Nikaukunja. Nikaukunjua. Ulikuwa mgumu, kama kawaida. Hauumi. Uliokuwa unauma, uliovimba na wenye alama nyekundu ya kikanyagio cha Projestus, ulikuwa wa kulia.

Nilikaa nikiitazama ile miguu miwili kwa muda, kisha nikatumbukiza wa kulia.

Idrisa alinipigia simu baada ya kuswali magharibi. "Uko wapi?"

"Mwaloni. Chini ya Muleba."

"Mwaloni? Nilidhani utafika Kemondo." Nilisikia anamwambia mtu pembeni: mwaloni, amefika mwaloni. "Haya, sema. Ikoje?"

"Ni takataka. Kilimani inatembea na wapita njia. Magurudumu ya toroli. Honi ya bata. Siku nzima nimechekwa, Idrisa, mpaka na mchungaji wa ng'ombe."

"Kwa hiyo Ijumaa unairudisha."

Nje, wavuvi walikuwa wanaelezana kuhusu njia ya kusini, inayopita nyuma ya vilima, wanasema mtu akiamka mapema anaipita yote. Sikuijua njia hiyo. Nilikuwa nasikiliza wao zaidi kuliko yeye.

"Deo? Mpwa wangu yuko hapa. Nimwambie nini?"

Niliufikiria mlio wa pikipiki yangu, ule wa gia ya pili ikipanda kwenda ya tatu, asubuhi yenye baridi, mahali popote.

"Mwambie breki ya nyuma ya ile yangu aikanyage mapema," nikasema. "Na asiiegeshe penye mteremko. Inalala."